Kwenu ni Wapi? Masomo ya Ng'ambo na Umwenyeji wa Vijana wa Moshi

Katika Manispaa ya Moshi swali la "kwenu ni wapi?" huulizwa mapema katika mazungumzo, na jibu lake hutegemea sana mahali aliposimama anayeulizwa. Kijana wa Pasua akiulizwa swali hilo huko Marangu au Machame hutakiwa kutaja ukoo na kijiji cha babu yake. Akiulizwa Dar es Salaam, inatosha aseme ametoka Moshi, na muulizaji atamalizia mwenyewe kwa kumwita Mchagga, hata kama baba yake ni Mpare wa Ugweno na mama yake Mrangi wa Kondoa. Akivuka mpaka wa Holili na kuingia Taveta huwa Mtanzania, hasa akishafungua kinywa na Kiswahili chake kikasikika; na akifika Leipzig, Ankara au Guangzhou, tabaka zote hizo hufunikwa kwa mara moja na kubaki moja tu, kwamba yeye ni Mwafrika, jibu ambalo huko Moshi hakuwahi kulihitaji kwa swali lolote.

Wataalamu wa elimu ya jamii hutumia neno utambulisho kwa maana ya picha ambayo mtu anayo juu ya nafsi yake pamoja na ile ambayo wengine wanayo juu yake, na huutofautisha na umwenyeji, yaani hisia ya mtu kwamba ana mahali pake, anapotambuliwa na kuhesabiwa bila kulazimika kujieleza. Masomo ya ng'ambo huyagusa yote mawili. Mara nyingi hudhaniwa kwamba kijana hubadilishwa na yale anayoyaona huko, yaani majengo, vyakula, desturi na dini za watu, lakini ukitazama historia ya vijana waliotoka katika miteremko ya Kilimanjaro utaona kwamba kinachowabadilisha zaidi ni kule kuulizwa swali jipya kila siku, na kulazimika kutafuta jibu ambalo nyumbani halikuhitajika.

Pasua ipo upande wa kusini wa mji, katika tambarare ya joto inayoelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini, mbali na ubaridi wa vihamba. Kihamba ni shamba la makazi la Wachagga, ambamo migomba na mibuni hupandwa pamoja kuizunguka nyumba, mipaka ikiwekwa kwa mimea ya masale, na waliotangulia wakiwa wamezikwa humo humo, kiasi kwamba umwenyeji wa mtu wa kihamba unaweza kuonyeshwa kwa kidole: ule ni mgomba wa babu, lile ni kaburi lake. Pasua, sawa na Njoro, Kaloleni na Majengo, ni mtaa wa mjini wa watu waliotoka kwingi. Mwenye nyumba anaweza kuwa Mrombo, mpangaji wa chumba cha uani akawa Mpare, jirani wa ukuta mmoja akawa Msambaa, na watoto wao wakakua pamoja wakizungumza Kiswahili tangu wakiwa wadogo na kupelekewa sahani kutoka nyumba hadi nyumba wakati wa Idi na Krismasi. Umwenyeji wa hapa hauna mgomba wala kaburi la kuonyesha, kwa kuwa umejengwa juu ya kujuana. Tofauti hii kati ya mlimani na tambarare itarudi mbele, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini safari moja ya masomo huwagusa vijana wawili wa wilaya jirani kwa namna mbili.

Kiu ya elimu katika eneo hili ina asili yake katika ardhi. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa kihamba, na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi na shamba lake. Wa katikati hubaki wakitafuta pa kushika, na kadiri watu walivyoongezeka katika karne ya 20 ndivyo nafasi yao ilivyozidi kubana. Shule zilizofunguliwa na wamisionari, Wakatoliki kwa Walutheri, pamoja na fedha za kahawa zilizopitia chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, ziliwapa wazazi namna nyingine ya kumrithisha mtoto asiye na shamba. Kwa binti jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa hata katika kihamba cha baba yake alihesabiwa kuwa ni wa kupita, anayesubiri kwenda kuwa mwenyeji kwa watu wengine. Cheti kilikuwa mali ya kwanza ambayo hakuna kaka wala shemeji angeweza kumnyang'anya.

Hadi Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipofungua milango yake Dar es Salaam, kila aliyetaka shahada alilazimika kuvuka mpaka, ama kwenda Makerere nchini Uganda ama kupanda meli. Miongoni mwa waliovuka alikuwemo Thomas Marealle wa Marangu, aliyesoma Uingereza katika miaka ya 1940, London School of Economics ikiwa miongoni mwa vyuo alivyopitia, na ambaye maisha yake yanafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayedhani kwamba masomo ya ng'ambo humfanya mtu asahau kwao. Mlima aliouacha ulikuwa umegawanyika katika tawala nyingi za kimangi, yaani za machifu wa Kichagga, ambazo katika karne ya 19 zilipigana vita vikali, Kibosho na Machame, Moshi na Marangu, na ambazo lugha zake bado zinatofautiana kiasi kwamba Mmachame na Mrombo, kila mmoja akishikilia ya kwao, hupata taabu kuelewana. Ni kweli kwamba ushirika wa kahawa na mabaraza ya wakoloni vilikwisha kuwaleta watu hawa karibu, lakini alikuwa ni Marealle, baada ya kuchaguliwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, aliyeupa umoja wao sura ya kuonekana: bendera ya Wachagga, wimbo wao, sikukuu yao ya kila mwaka, na historia moja ya kujivunia. Mtu aliyeishi miaka kadhaa katika kisiwa ambamo Waskoti, Wawelsi na Waingereza kila mmoja ana bendera yake na bado wote wana taji moja, angeweza kurudi na wazo la namna hiyo bila mtu kushangaa. Uchagga mmoja ulionekana vizuri zaidi kutoka mbali.

Wakati huo huo kijana mwingine kutoka Butiama alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, naye akarudi na jibu jingine kabisa. Julius Nyerere aliona kwamba "kwetu" kunapaswa kuwa Tanganyika nzima, na mwaka 1963 serikali yake ikafuta rasmi mamlaka ya machifu kisheria. Kilimanjaro kwenyewe cheo cha Mangi Mkuu kilikuwa kimekwisha kuondolewa mwaka 1960 kwa kura, na nafasi yake ikachukuliwa na rais wa kuchaguliwa, Solomon Eliufoo, mwalimu ambaye naye alikuwa amesoma ng'ambo. Mwaka ule ule wa 1963 tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Julius Caesar ilichapishwa, kazi ambayo inaonyesha vizuri namna msomi anavyoweza kukibeba alichokutana nacho ugenini na kukiweka katika lugha ya nyumbani bila kuomba radhi upande wowote. Kwa hiyo watu wawili wa kizazi kimoja, waliosoma katika nchi moja na kukutana na ubaguzi na ukarimu uleule, walirudi mmoja akiwa na kabila lililo pana kuliko aliloliacha na mwingine akiwa na taifa. Ugenini huwapa wote swali lilelile, na kila mmoja hujibu kwa akiba aliyokwenda nayo.

Watafiti wamejaribu kuchora ramani ya hisia za mwanafunzi aliye ugenini. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg ndiye aliyeeneza, katika miaka ya 1950, dhana ya mshtuko wa utamaduni, yaani wasiwasi unaompata mtu anapokosa zile ishara ndogo ndogo za maisha alizozizoea: lini kusalimia, lini kukaa kimya, nani asimame kwanza, mkono upi utumike. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti juu ya Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili, akaona kwamba waliokaa huko kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa kwa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi, na hapo ndipo lilipotoka wazo la mchoro wenye umbo la herufi U: furaha ya mwanzo, kuzama katikati, kisha kupanda tena. Wengine wakaongeza U ya pili kwa ajili ya kurudi nyumbani, ambako nako kuna furaha ya kupokelewa na kuzama kunakofuata. Michoro hii imekosolewa sana, na kwa haki, kwani wengi huanza na huzuni tangu uwanja wa ndege, lakini ile U ya pili inastahili kuzingatiwa kuliko inavyozingatiwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018 na Hajo Adam na wenzake, unagusa kiini cha jambo lenyewe. Uliwahusisha watu 1,874 na kuonyesha kwamba kuishi nje ya nchi humsaidia mtu kujifahamu kwa uwazi zaidi, kwa sababu kila desturi ngeni humlazimisha kujiuliza kama desturi yake mwenyewe ni sehemu ya nafsi yake au ni mazoea tu aliyoyakuta. Zaidi ya hayo, watafiti hao waligundua kwamba kinacholeta uwazi huo ni urefu wa kukaa, wala idadi ya nchi zilizotembelewa haina nguvu hiyo. Kijana aliyekaa Pune miaka minne ana nafasi kubwa ya kujifahamu kuliko yule aliyepita miji kumi ya Ulaya akipiga picha.

Hata hivyo tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwa watu ambao rangi yao haiwi habari popote waendapo, na hilo ni pengo kubwa. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo huko Berlin kati ya mwaka 1892 na 1894, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1903 hali ya kuwa na fahamu mbili, yaani kujitazama daima kwa macho ya mtu mwingine anayekupima na kukudharau, huku ukijua ndani yako kwamba wewe ni zaidi ya kipimo hicho. Kijana aliyetoka Pasua, ambako rangi ya ngozi haimtofautishi na mwalimu wake, daktari wake wala diwani wake, huipata fahamu hiyo ya pili ukubwani, mara nyingi ndani ya basi, pale kiti cha pembeni yake kinapobaki wazi na abiria wengine wamesimama. Mambo yanayofuata hutegemea mtu: wapo wanaojificha katika vyumba vyao, wapo wanaojitahidi kufanana na wenyeji kwa lafudhi na mavazi, na wapo wanaogundua Afrika nzima kwa mara ya kwanza, wakiwa na rafiki Mkongo, Mghana na Msenegali ambao wasingekutana nao stendi ya Moshi maisha yao yote.

Mji wa Leipzig unastahili kutajwa peke yake. Hans Meyer, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alitoka katika familia ya wachapishaji wa mji huo. Misheni ya Kilutheri iliyoingia Uchagga mwaka 1893 ilikuwa ya Leipzig. Na katika enzi ya Ujerumani Mashariki mji huo ulikuwa na taasisi ya kuwafundisha Kijerumani wanafunzi wa kigeni kabla hawajatawanywa vyuoni. Mwanafunzi wa kutoka Kilimanjaro anayekwenda Ujerumani leo anaingia katika nchi ambayo vitu vya mlima wake vimehifadhiwa katika makumbusho, na si vitu tu. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi mwezi Machi 1900, na familia yake imekuwa ikilitafuta fuvu lake kwa miongo mingi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki na familia zilizo hai Tanzania, mojawapo likiwa la mtu wa karibu wa Mangi Meli. Kwa mwanafunzi wa historia au udaktari kutoka Uru au Kibosho, habari kama hii ikimfikia akiwa maktaba umbali wa vituo vichache vya treni kutoka mahali yalipohifadhiwa mafuvu hayo, swali la "kwenu ni wapi?" hupata uzito ambao mratibu wa wanafunzi wa kigeni hakuuandaa katika kijitabu chake cha kuwakaribisha wageni.

Wengi hawaendi Ujerumani. Wazazi wa Moshi walianza zamani kupeleka watoto shule za bweni za Kenya na Uganda, wengine wakiwa bado wa shule ya msingi, na baadaye vyuo vya India, China, Urusi na Uturuki vikawavuta hasa wale wanaotaka udaktari, uhandisi na biashara. Mtoto anayekwenda Uganda akiwa na miaka 10 hapitii mshtuko wowote unaofanana na ule wa Oberg, kwa kuwa huzoea upesi. Shida yake huja likizo, watoto wenzake wa mtaani wanapomcheka Kiswahili chake na kumpa jina la nchi alikosoma, jina ambalo linaweza kumganda hadi uzeeni.

Kwa mwanafunzi mkubwa mzigo ni mwingine. Nyuma ya tiketi yake kuna mchango wa ukoo, mkopo wa kikoba cha mama, pengine kiwanja kilichouzwa, na hivyo hana uhuru wa kusema kwamba anashindwa. Jioni anabeba maboksi, kama wasemavyo Watanzania kwa kazi zote za mikono za ughaibuni, ziwe za ghalani, jikoni au kutunza wazee; asubuhi anatuma katika kundi la familia la WhatsApp picha akiwa amesimama kwenye theluji, ile ile aliyokuwa akiiona kila asubuhi juu ya Kibo akienda shule bila kuigusa. Uongo huu mdogo, ambao karibu kila mtu huufanya na hakuna anayemdhuru mwenzake kwa nia, humfanya mwanafunzi awe na nafsi mbili: moja ya nyumbani, iliyofanikiwa, na nyingine ya kule, iliyochoka.

Hapa ndipo tofauti ya kihamba na mtaa inapojitokeza. Mtu wa mlimani akiwa ugenini hukumbuka vitu: mtori wa ndizi mshare ambao hauwezi kupikwa sawasawa kwa ndizi za Ekwado zinazouzwa madukani Ulaya, pombe ya mbege, harufu ya moshi wa jikoni, baridi ya asubuhi. Kijana wa Pasua hukumbuka watu na kelele zao, na kwa kuwa alikwisha kuishi na makabila manane katika uchochoro mmoja, huwa mwepesi zaidi kuingia katika jumuiya ya Waswahili wa ughaibuni, ambamo Mrundi, Mkongo wa Bukavu, Mkenya wa Mombasa na Mtanzania wa Tanga hukaa sebule moja na kubishana kwa lugha moja. Inaelekea kwamba malezi ya mitaa ya uswahilini, ambayo watu wa mlimani wakati mwingine huyadharau, humwandaa mtoto kwa ugeni kuliko malezi ya kihamba. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mtaa hausubiri. Nyumba za kupanga hubadili wapangaji, majirani huhama, na kijana anayerudi baada ya miaka saba anaweza kuukuta uchochoro ule ule ukiwa na watu wasiomfahamu hata mmoja, wakati mwenzake wa Kibosho ataikuta migomba pale pale na shangazi akiichunga.

Moshi yenyewe ni ng'ambo ya wengine. Shule ya kimataifa iliyoanzishwa hapa mwaka 1969 ilijiunga mwaka 2019 na mtandao wa United World Colleges, ambao chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962 kwa wazo la kuwakutanisha vijana wa mataifa yaliyokuwa yakitazamana kwa uhasama. Vijana kutoka mabara mengine huja kusoma chini ya Kibo na kupitia huzuni ileile ya miezi ya katikati, huku Watanzania wanaosoma nao wakiishi ugenini bila kuvuka mpaka wowote, kwani kutoka shule hiyo hadi Pasua ni safari fupi ya daladala na bado lugha, chakula na mazungumzo ni ya dunia nyingine. Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Hill Useem aliwaita watoto wanaokulia kati ya nchi ya wazazi wao na nchi wanamoishi kuwa ni watoto wa utamaduni wa tatu, kwa maana kwamba hujenga kati yao wenyewe utamaduni usio wa huku wala wa kule. Alikuwa akiwafikiria watoto wa Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi India, lakini maelezo yake yanawafaa pia watoto wa Moshi wanaozungumza Kiingereza hata wakiwa wenyewe kwa wenyewe.

Kurudi ndiko kunakopima yote. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hufurika magari ya Wachagga wanaokwenda, kama utani wa Watanzania unavyosema, kuhesabiwa, na mwanafunzi aliyerudi kutoka ng'ambo huhesabiwa kwa makini kuliko wengine. Akikataa mbege huambiwa amejisahau. Akiinywa sana huulizwa alikwenda kusomea nini. Akitoa maoni juu ya namna kikao cha ukoo kinavyoendeshwa husikilizwa kwa heshima, kisha kikao kinaendelea kama kawaida. Baada ya sikukuu huanza safari ya makaratasi: Tume ya Vyuo Vikuu ihakiki shahada ya nje, Baraza la Mitihani litoe ulinganifu wa cheti cha sekondari kilichopatikana Kampala au Nairobi, na miezi inapita huku mtu aliyeitwa msomi akisubiri nchi yake imthibitishe kwamba amesoma.

Wasiorudi nao wana mtihani wao. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo mwanafunzi aliyebaki Canada na hatimaye akachukua uraia wa huko kwa ajili ya kazi hujikuta, mbele ya sheria, mgeni katika shamba alimozikwa babu yake. Baada ya mjadala wa miaka mingi Bunge lilipitisha mwaka 2025 marekebisho ya kuwapa watu wa asili ya Tanzania hadhi maalumu, yakigusa pia haki za ardhi, bila kuwarudishia uraia wenyewe. Kwa watu wa vihamba hili ni jambo la maana kubwa, na haishangazi kwamba wanadiaspora wamelidai kwa miaka mingi.

Kwa kijana wa Pasua, ambaye pengine hana kihamba cha kudai, umwenyeji hupimwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ili apate kitambulisho cha taifa, afungue akaunti au aombe kazi, anahitaji mtu wa mtaa athibitishe kwa muhuri kwamba anamfahamu na kwamba anaishi hapo. Aliyeondoka akiwa na miaka 13 na kurudi akiwa na 26 humkuta mwenyekiti mpya ambaye hajawahi kumwona, na vyeti vyake vya ng'ambo, hata viwe vingi namna gani, havisemi lolote juu ya nyumba aliyokulia. Kwa kawaida jambo hilo humalizwa na mama au jirani wa zamani anayeandamana naye, akaeleza ni mtoto wa nani na walikuwa wakikaa upande gani wa soko, na muhuri ukagongwa.